Milimita Zinazoamua: Kupima Urefu wa Mifereji ya Mizizi katika Meno ya Utotoni

Utangulizi

Mtoto huwa na meno 20 ya utotoni. Ya kwanza huota akiwa na umri wa miezi 6 hivi, ya mwisho hutimia anapokaribia miaka 3, na kati ya miaka 6 na 12 yote hung'oka moja baada ya jingine ili kuyapisha meno ya kudumu. Kwa kuwa yameumbwa ili yaondoke, katika nyumba nyingi huhesabiwa kuwa wageni wa muda. Jino likitoboka husemwa, "Litang'oka tu, litakuja jingine." Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Gego la pili la utotoni litang'oka, naam, lakini wakati wake ni pale mtoto atakapokuwa na miaka 10 hadi 12. Mtoto wa miaka 5 anayelipoteza leo atakaa na pengo kwa miaka 5 au zaidi. Katika muda huo gego la kwanza la kudumu, ambalo huota karibu na umri wa miaka 6, husogea mbele na kuimeza nafasi. Jino lililokusudiwa kuota hapo hukosa mlango, likaota upande au likabaki limefungiwa ndani ya mfupa.

Uozo ukishafika ndani ya jino, ipo njia ya kuliokoa ili likae hadi wakati wake, nayo ni tiba ya mzizi. Ubora wa tiba hiyo hutegemea jambo dogo kwa kipimo na kubwa kwa matokeo: kujua mfereji wa mzizi una urefu gani, na kukomea mahali panapostahili. Makala haya yanaeleza kwa nini kipimo hicho ni kigumu zaidi kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima, njia zinazotumika kukipata, na maana yake kwa familia na watoa huduma wa Dodoma na nyanda za kati za Tanzania.

Uozo unapofika kwenye kiini

Jino lina matabaka. Juu kuna enameli, tabaka gumu kuliko mfupa. Chini yake kuna dentini. Na katikati kuna kiini, sehemu laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hujaza chumba kilichomo ndani ya taji la jino, kisha hushuka katika kila mzizi kupitia mfereji mwembamba hadi kwenye tundu lililo karibu na ncha ya mzizi. Kupitia tundu hilo jino hupata damu na hisia.

Katika meno ya utotoni enameli na dentini ni nyembamba kuliko katika meno ya kudumu, na kiini ni kikubwa kwa kulinganisha na ukubwa wa jino. Ndiyo maana uozo unaoonekana kama nukta nyeusi huweza kufika kwenye kiini mapema kuliko mzazi anavyotarajia. Dalili zake zinajulikana: mtoto huamka usiku akilia kwa maumivu, hutafuna upande mmoja, jino hubadilika rangi na kuwa la kijivu, au hutokea kipele cha usaha kwenye ufizi. Kipele hicho huweza kupasuka, maumivu yakatulia, na familia ikadhani mtoto amepona. Hajapona. Kiini kimekufa, na vijidudu vinaendelea kuishi ndani ya mifereji, mahali ambapo dawa ya kumeza haifiki vizuri kwa sababu damu haipiti tena humo. Maambukizi ya jino yakiachwa huweza kuenea usoni na shingoni na kuhatarisha maisha.

Tiba ya mzizi huondoa mabaki ya kiini, husafisha mifereji, huijaza dawa, kisha huliziba jino. Kazi hii hufanywa kwa sindano nyembamba za chuma zenye makali, ambazo wataalamu huziita faili na ambazo kwa hakika ni tupa ndogo. Ukubwa wake huandikwa kwa namba: tupa namba 15 ina unene wa milimita 0.15 kwenye ncha yake. Kila tupa huvikwa kipete kidogo cha mpira kinachoteleza juu yake. Tupa hushushwa katika mfereji kama kamba inavyoshushwa kisimani, na kipete ni lile fundo linaloonesha kina. Kipete kikigusa ukingo wa jino, mtaalamu hujua kuwa ncha imefika pale alipopanga, hata kama haioni.

Mwisho usiotulia

Kwa mtu mzima, mzizi uliokomaa una mwisho unaofahamika. Mfereji hubana karibu na ncha, na mahali hapo pembamba hutumika kama kituo cha asili. Mtaalamu mwenye uzoefu huweza hata kuhisi mkononi kwamba tupa imefika kwenye mbano huo.

Mzizi wa jino la utotoni haukai katika hali moja. Huanza ukiwa haujakomaa, hukamilika karibu mwaka mmoja au mwaka na nusu baada ya jino kuota, hutulia kwa miaka michache, kisha huanza kuyeyuka kwa taratibu za kawaida za mwili ili jino la kudumu lipate njia. Kwa hiyo urefu uliopimwa leo si urefu wa mwakani. Zaidi ya hapo, maambukizi huharakisha kuyeyuka huko na kukufanya kuwe kwa vipandevipande, hivyo mizizi miwili ya jino moja huweza kutofautiana.

Jambo la pili ni mahali kuyeyuka kunapoanzia. Chipukizi la jino la kudumu hukaa karibu na mizizi ya jino la utotoni. Kwa magego, hukaa katikati ya mizizi iliyotanuka kama miguu ya kigoda. Kwa meno ya mbele, hukaa nyuma yake, upande wa ulimi. Mzizi huliwa kuanzia upande unaolielekea chipukizi hilo, wala si lazima uanzie kwenye ncha. Matokeo yake, mfereji huweza kutobokea pembeni, milimita kadhaa kabla ya ncha, ilhali ukuta wa upande wa pili wa mzizi bado umesimama. Mfano wake ni ukuta wa tembe ulioliwa na mchwa kwa ndani: anayeutazama kutoka nje huuona mzima hadi chini, lakini anayeingiza mkono kwa ndani hukuta uwazi.

Ugumu wa kipimo hiki umo hapo. Ncha inayoonekana kwenye picha na mwisho halisi wa mfereji ni vitu viwili, na kwa mtoto umbali baina yake hauna kanuni moja.

Gharama ya kupitiliza na gharama ya kupungukiwa

Tupa ikipita mwisho wa mfereji, huingia katika tishu hai zilizo jirani na chipukizi la jino la kudumu. Hujeruhi, husukuma uchafu na vijidudu nje ya mzizi, na hufungua njia kwa maji ya kusafishia kuvuja. Maji hayo aghalabu huwa hipokloriti ya sodiamu, dawa ya jamii ile ile ya maji ya kung'arishia nguo. Ndani ya mfereji husafisha vizuri. Nje ya mfereji huunguza. Dawa ya kujazia nayo ikipitiliza huweza kubaki kwenye mfupa kwa muda mrefu.

Kwamba jino la kudumu huweza kuumizwa kupitia jino la utotoni si nadharia. Tangu mwaka 1912, daktari wa meno Turner alieleza meno ya kudumu yenye madoa na enameli pungufu kutokana na maambukizi ya meno ya utotoni yaliyotangulia mahali hapo. Kasoro hiyo hadi leo hubeba jina lake. Nchini Tanzania upo ushahidi mwingine, wenye uchungu zaidi. Desturi ya kuchimbua ufizi wa watoto wachanga kwa madai ya kutoa "meno ya plastiki" imeripotiwa katika maeneo mbalimbali, kanda ya kati ikiwamo. Mtoto mwenye homa au kuhara hupelekwa kwa mganga, na kinachotolewa ni machipukizi ya kawaida ya chonge za utotoni. Miaka baadaye, baadhi ya watoto hao hukutwa na chonge za kudumu zenye enameli iliyoharibika, au zilizopinda, au zisizokuwapo kabisa. Mganga hakukusudia kugusa jino la kudumu, lakini umbali kati ya hayo mawili ni mdogo mno kusamehe mkono usiopima.

Kwa upande mwingine, kukomea mbali mno na mwisho nako kuna gharama. Kiini kilichooza hubaki kwenye sehemu ya chini ya mfereji, vijidudu huendelea kuishi, uvimbe hurudi, na jino hung'olewa baada ya mtoto kuwa amekwisha kustahimili ganzi na matibabu. Kwa hiyo shabaha ni nyembamba: kufika karibu na mwisho bila kuuvuka. Kwa kawaida hulengwa milimita 1 hadi 2 kabla ya ncha inayoonekana kwenye picha, na umbali huo huongezwa pale dalili za kuyeyuka zinapokuwapo.

Njia za kupima

Njia ya kwanza ni mkono. Mtaalamu hushusha tupa polepole akisubiri kuhisi ukinzani. Kwa mtu mzima hisia hiyo husaidia. Kwa mtoto hudanganya, kwa sababu mbano wa asili huwa umeyeyuka au mfereji umejipinda. Mkono ni msaidizi, haufai kuwa mwamuzi.

Njia ya pili ni jedwali la wastani. Mmarekani G. V. Black, mmoja wa waasisi wa taaluma ya meno ya kisasa, alipima meno mengi yaliyong'olewa na kuacha takwimu zinazofundishwa hadi sasa. Kwa hesabu zake, gego la kwanza la chini la utotoni lina urefu wa wastani wa milimita 15.8, kuanzia juu ya taji hadi ncha ya mzizi, na gego la pili la chini lina milimita 18.8. Takwimu hizi humwonya mtaalamu asianze na kina kisichowezekana. Hata hivyo wastani haukai kwenye kiti cha matibabu. Anayekaa ni mtoto mmoja, mwenye taji lililooza na mizizi iliyoanza kuliwa.

Njia ya tatu ni picha ya eksirei. Mionzi hiyo iligunduliwa na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895, na miaka minne tu baadaye, mwaka 1899, Edmund Kells wa New Orleans aliitumia kuangalia mfereji wa mzizi. Picha ina manufaa yasiyo na mbadala: kabla ya tiba huonesha idadi ya mizizi, jinsi ilivyopinda, kiasi cha mfupa kilichobaki, na mahali chipukizi la jino la kudumu lilipo. Lakini ina mipaka mitatu. Kwanza, ni kivuli bapa cha kitu chenye unene, hivyo tundu la pembeni hujificha nyuma ya ukuta uliobaki. Pili, kivuli hurefuka au kufupika kulingana na pembe ya mashine. Tatu, kwa mtoto mwenye kinywa kidogo na anayetapikatapika kila anapowekewa kitu mdomoni, kupata picha nzuri ni mtihani, na kila picha inayorudiwa huongeza mionzi. Kiasi cha mionzi katika picha moja ya jino ni kidogo. Lakini mwili unaokua huathirika kwa urahisi zaidi, na kanuni ni kutumia kiasi kidogo kadiri inavyowezekana. Mashine zenyewe husimamiwa kisheria na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Njia ya nne ni umeme. Mwaka 1918 Custer wa Marekani alipendekeza kwamba mwisho wa mfereji unaweza kutafutwa kwa mkondo wa umeme. Mwaka 1942 Suzuki wa Japani, akichunguza meno ya mbwa, aliona kwamba ukinzani wa umeme kati ya kifaa kilichofika mwisho wa mfereji na utando laini wa kinywa haubadilikibadiliki. Mwaka 1962 Sunada, naye wa Japani, aliuhamishia ugunduzi huo kwa binadamu na kutaja kiwango cha kilo-omu 6.5. Hapo ndipo kilipozaliwa kitafuta-ncha cha kielektroniki.

Utendaji wake ni rahisi kueleweka. Ukuta wa mzizi haupitishi umeme vizuri. Tishu zenye unyevu nje ya mzizi huupitisha. Kifaa huunganishwa kwa waya mbili: mmoja huning'inizwa mdomoni kwa ndoano ndogo, mwingine hubanwa kwenye tupa. Tupa inaposhuka, sakiti hukaribia kufungwa, na ncha inapogusa tishu kwenye tundu, kifaa huonesha kwenye skrini au hulia. Vifaa vya mwanzo vilichanganywa na damu, usaha au maji ya dawa yaliyomo mferejini. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Japani walipunguza tatizo hilo kwa kutumia mikondo miwili ya masafa tofauti, hertz 400 na hertz 8,000, na kulinganisha ukinzani wake. Uwiano wa mikondo hiyo hubadilika ghafla karibu na mwisho wa mfereji, hata mfereji ukiwa na unyevu.

Kwa mtoto, faida kubwa ya njia hii ni kwamba hutafuta tundu lenyewe, wala si kivuli cha ncha. Tundu likiwa pembeni, kifaa hulitambua pale lilipo. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali juu ya meno ya utotoni zimeonesha kwa jumla kwamba usahihi wake unalingana na ule wa picha, ilhali mtoto hupunguziwa mionzi.

Hata hivyo kifaa hiki kina masharti. Tupa ikigusa chuma cha kofia ya jino au cha kijazio, umeme hupita njia ya mkato na kipimo huwa cha uongo. Mate yakivuja kupitia ukuta uliooza, hali ni hiyo hiyo. Ndiyo maana jino hutengwa kwa shuka ya mpira na ukuta uliobomoka hujengwa kwanza. Tupa nyembamba mno katika tundu lililotanuka kwa kuyeyuka hutoa usomaji unaoyumba. Huchaguliwa tupa inayoujaza mfereji. Na kama sakafu ya chumba cha jino imetoboka, kifaa hulia mapema, kikidhani kimefika mwisho. Mtaalamu anayejua urefu wa wastani na aliyeitazama picha ya kwanza atashtuka na kukagua upya. Kila njia, kwa hiyo, huisahihisha nyenzake.

Mfano wa hesabu

Tuchukulie mtoto wa miaka 5 kutoka Kongwa mwenye gego la pili la chini lililooza hadi kwenye kiini. Picha ya kwanza inaonesha mizizi karibu mizima na mfupa unaolifunika chipukizi ukiwa haujaharibika. Taji limepungua kwa uozo, hivyo milimita 18.8 za jedwali hazitegemewi. Mtaalamu husawazisha ncha moja ya taji ili kipete cha mpira kipate mahali thabiti pa kutua, kwani kipimo kisicho na mwanzo thabiti hakina mwisho wa kuaminika.

Anashusha tupa kwenye mfereji mmoja hadi milimita 14 na kupiga picha. Kwenye picha tupa inaonekana kuwa na milimita 15.4, na jino milimita 17.6. Picha imekuza vitu. Urefu halisi hupatikana kwa kuzidisha 14 kwa 17.6, kisha kugawanya kwa 15.4, jibu ni milimita 16. Akitoa milimita 1 ya tahadhari, angefanya kazi kwa milimita 15.

Sasa anaunganisha kitafuta-ncha. Kinalia kwa milimita 14.5. Anarudia mara ya pili, kinalia pale pale. Maana yake mfereji umetobokea pembeni, milimita 1.5 kabla ya ncha inayoonekana. Kama angefuata picha peke yake, kila msuguo wa tupa ungepita nje ya mzizi kwa nusu milimita, upande ule ule wa jino la kudumu. Anatoa milimita 1 kutoka kwenye 14.5 na kufanya kazi kwa 13.5. Vipimo viwili vinapotofautiana, kilicho kifupi hupewa uzito, kisha hukaguliwa. Hatua hiyo hurudiwa kwa kila mfereji, kwa kuwa magego ya chini ya utotoni kwa kawaida huwa na mifereji 3, pengine 4, na hakuna sababu ya kuamini kwamba inalingana.

Baada ya kusafisha, mifereji hujazwa dawa inayoweza kuyeyuka pamoja na mzizi, kama vile mchanganyiko wa oksidi ya zinki na yujeno, au dawa yenye haidroksidi ya kalsiamu na iodofomu. Gata-pacha, utomvu mgumu unaotumika kwa watu wazima, haufai hapa, kwa sababu hauyeyuki na ungelizuia jino la kudumu. Mwishoni gego hufunikwa kwa kofia ya chuma ili lisivunjike. Urefu wa kila mfereji huandikwa kwenye jalada la mgonjwa, kwani tatizo likirudi, mtaalamu atakayefuata atahitaji kujua mwenzake alikomea wapi.

Mazingira ya nyanda za kati

Katika vituo vingi vya umma nchini, tiba ya jino lililooza sana huwa ni kung'oa. Sababu si kukosa maarifa peke yake. Ni uhaba wa vifaa, wingi wa wagonjwa, na familia kuchelewa kufika. Mzazi wa Kondoa au Mpwapwa anayeelekezwa kwenda Dodoma mjini husafiri zaidi ya kilomita 100 kwenda pekee. Nauli, chakula na siku ya kazi iliyopotea huwa sehemu ya gharama ya jino. Kwa hali hiyo, tiba inayohitaji kurudi mara tatu kwa sababu picha hazikutoka vizuri haitakamilika. Kipimo sahihi tangu mwanzo hupunguza safari, na huongeza uwezekano wa tiba kumalizika katika siku moja au mbili.

Kitafuta-ncha kina tabia inayofaa mazingira haya: ni kidogo, hutumia betri, hakihitaji chumba cha giza wala kemikali za kusafishia filamu, na hakikatizwi na kukatika kwa umeme. Lakini kisieleweke kuwa kinaondoa haja ya eksirei. Picha moja ya kuanzia ni ya lazima, kwa kuwa kifaa hicho hakiwezi kuonesha mfupa, idadi ya mizizi wala chipukizi la jino la kudumu. Kinachopungua ni picha za katikati ya kazi.

Jambo jingine la eneo hili ni maji. Singida na baadhi ya maeneo ya Dodoma yana visima vyenye floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokua kwa maji hayo hupata meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Kwa kuwa madoa ni jambo la kawaida machoni pa jamii, tundu changa la uozo huweza kudhaniwa kuwa ni doa la maji na kuachwa hadi kiini kiguswe. Tofauti yake hupimika kwa urahisi: doa la maji kwa kawaida hutokea kwenye meno kadhaa kwa mfanano pande zote mbili, na uso wake aghalabu ni mgumu, uozo hushika mahali mahali, hulainika, hunasa chakula na hatimaye huuma.

Wakati ambapo kupima hakufai

Si kila jino lapaswa kuokolewa. Mizizi ikiwa imeyeyuka zaidi ya theluthi moja, hakuna urefu wa kuaminika wa kupima. Taji likiwa limebomoka kiasi cha kutoshika kofia, jino likilegea sana, mfupa unaolifunika chipukizi la kudumu ukiwa umeliwa, au muda wa jino kung'oka wenyewe ukiwa umekaribia, kung'oa ndiyo tiba iliyo salama. Vivyo hivyo kwa baadhi ya watoto wenye magonjwa ya moyo au kinga dhaifu, ambao hawapaswi kubaki na chanzo cha maambukizi kinachotiliwa shaka. Gego likitolewa mapema, mzazi aulize kuhusu kifaa cha kushikilia nafasi, ili jino la kudumu likute mlango wake wazi.

Yanayomhusu mzazi

Mzazi hapimi mfereji, lakini ndiye anayeamua iwapo kutakuwa na cha kupima. Mtoto anayefikishwa kituoni wakati wa maumivu ya kwanza bado ana mizizi mizima. Anayefikishwa baada ya miezi ya dawa za maumivu na vipele vya usaha vinavyokuja na kutoweka, mara nyingi mizizi yake imekwisha kuliwa. Dawa ya maumivu hunyamazisha jino, haliponyi. Dawa ya kuua vijidudu bila kushughulikia jino lenyewe huahirisha tatizo.

Mtoto apigwe mswaki mara mbili kwa siku na mtu mzima hadi atakapoweza mwenyewe kwa ustadi. Dawa ya meno yenye floridi iwe kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, na kiasi cha punje ya njegere kuanzia hapo hadi 6, naye afundishwe kuitema. Katika maeneo yenye floridi nyingi majini, ushauri wa mtaalamu uombwe. Asilale na chupa ya uji wenye sukari, maziwa yenye sukari au soda.

Kituoni, mzazi ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya tiba: je, mizizi ya jino hili bado imara? Urefu wake utapimwa kwa njia gani? Na litahitajika kukaa miaka mingapi zaidi?

Hitimisho

Kupima urefu wa mfereji katika jino la utotoni ni kupima kitu kinachobadilika, karibu na kitu kingine ambacho bado kinajengwa. Picha peke yake huona ncha na kukosa tundu. Kifaa cha umeme peke yake hupata tundu na kukosa mazingira yake. Jedwali hutoa mipaka. Mkono hutoa tahadhari. Mtaalamu anayetumia picha moja nzuri ya mwanzo, kitafuta-ncha kinachorudiwa kwa kila mfereji, na tabia ya kukomea mapema palipo na shaka, anaweza kulitunza gego la mtoto hadi miaka 10 au 12 bila kuligusa lile lililo chini yake. Kwa vituo vya kanda ya kati vinavyopanga kuongeza tiba ya mizizi ya watoto, kifaa hiki kidogo pamoja na mafunzo ya kukitumia vinastahili kuwa miongoni mwa mahitaji ya kwanza kuorodheshwa.